Koo Limepoa, Shingo Inauma: Ugonjwa wa Lemierre na Mshipa Mkubwa wa Shingo

Koo la kawaida lina ratiba yake. Siku mbili za mwanzo hata kumeza mate ni kazi, siku ya tatu au ya nne maumivu yanalegea, na wiki haiishi kabla mtu hajarudi kwenye shughuli zake, awe ametumia dawa au hajatumia. Mara nyingi chanzo ni virusi, na mwili unavimaliza wenyewe. Hata koo lenye bakteria, kwa watu wengi hupona ndani ya muda huohuo.

Lipo koo linaloivunja ratiba hiyo kwa namna inayowapoteza watu. Linaanza kupoa, mgonjwa anapata nafuu, pengine ameshaambiwa kwamba ni mafua tu. Siku chache baadaye homa inarudi kwa kishindo, mwili unatetemeka mpaka meno yanagongana, na shingo inauma upande mmoja. Hapo ugonjwa haupo tena kooni. Umeingia kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, na jina lake ni ugonjwa wa Lemierre.

Kabla ya kwenda mbali, tuweke kipimo cha hofu. Ugonjwa huu ni adimu sana. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa Denmark nzima kuanzia mwaka 1998 hadi 2001 walikadiria wagonjwa 3.6 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 24, makadirio yalipanda hadi 14.4 kwa milioni. Daktari anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja, na kwa sababu hiyohiyo anapokutana naye huchelewa kumtambua. Jambo la pili la kushangaza limo ndani ya takwimu hizo: wanaougua zaidi ni vijana wenye afya njema, wasio na kisukari wala upungufu wa kinga, watu ambao hakuna anayetarajia kuwaona chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu ya koo.

Njia kutoka tonsili hadi mshipani

Ukitaka kuelewa kwa nini koo linaweza kuharibu mapafu, anza na ramani ya shingo. Pembeni ya koo, nje kidogo ya tonsili, kuna nafasi yenye mafuta na tishu laini. Nyuma ya nafasi hiyo unapita mfuko mmoja wa utando uliobeba vitu vitatu kwa pamoja: ateri kubwa inayopeleka damu kichwani, neva inayoshuka hadi moyoni na tumboni, na vena jugula ya ndani. Usiichanganye vena hii na ule mshipa unaotuna shingoni mtu anapopiga kelele au kuimba kwa nguvu. Ule ni wa nje. Huu wa ndani umejificha chini ya msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya damu inayotoka kwenye ubongo kurudi moyoni.

Bakteria wana njia zaidi ya moja ya kuufikia. Wanaweza kupenya kwenye tishu moja kwa moja, hasa pale mafindofindo yanapogeuka jipu kando ya tonsili. Wanaweza pia kuingia kwenye vijivena vidogo vya tonsili yenyewe, damu ikaganda humo, kisha mgando ukaendelea kurefuka kufuata mkondo hadi kwenye vena kubwa. Njia hii ya pili inaeleza kitu ambacho kingekuwa fumbo: kwa nini tonsili ya mgonjwa wakati mwingine inaonekana safi kabisa wakati shingo yake imevimba.

Vena ina ukuta mwembamba kuliko ateri, na damu yake hutembea kwa shinikizo dogo. Ukuta ukishika uvimbe kutoka nje, damu inapungua kasi, na bakteria wanaongeza kichocheo cha kugandisha. Donge linajijenga. Donge la damu lisilo na vijidudu lina hatari yake, lakini hili limeloa bakteria, linalainika kwa usaha, na linameguka. Vipande vinaondoka na mkondo wa damu, vinaingia upande wa kulia wa moyo, na moyo unavisukuma mapafuni. Mapafu ndiyo chujio la kwanza ambalo damu ya vena inakutana nalo, kwa hiyo ndiyo yanayoumia mapema na kwa wagonjwa walio wengi. Kila kipande kinachonasa kinaweza kuanzisha kidonda chake, na vidonda hivyo vikachimbika kuwa matundu yenye usaha. Usaha ukimwagika kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa anahitaji mrija wa kuutoa.

Vijidudu vinavyofanikiwa kupita chujio hilo vinaweza kutua kwenye viungo kama nyonga na goti, kwenye ini, kwenye mifupa, na mara chache kwenye ubongo. Wakati mwingine mgando hupanda badala ya kushuka, ukaelekea kwenye mifereji ya damu iliyo ndani ya fuvu. Hiyo ndiyo sura mbaya zaidi.

Bakteria mwenyewe

Mhusika mkuu ni Fusobacterium necrophorum. Ni bakteria asiyependa oksijeni, na madaktari wa mifugo wanamjua kuliko madaktari wa watu: ndiye anayehusika na majipu ya ini kwa ng'ombe na kuoza kwato kwa kondoo na ng'ombe. Kwa binadamu anaweza kupatikana kooni kwa mtu asiyeumwa chochote. Kwa nini kwa kijana mmoja anatulia na kwa mwingine anavamia, jibu kamili halijapatikana. Mara nyingine ugonjwa hutanguliwa na maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr, vile vinavyosababisha homa ya tezi kwa vijana, na inadhaniwa kwamba vinafungua mlango kwa kujeruhi utando wa koo.

Silaha zake zinaeleza tabia ya ugonjwa. Ana sumu inayoua chembe nyeupe za damu, nyingine inayopasua chembe nyekundu, na ana uwezo wa kuzifanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zishikamane. Ndani ya donge hakuna oksijeni ya kutosha, mazingira anayoyapenda. Chembe za kinga zinaingia kwa taabu, na dawa nazo zinafika humo kwa kasi ndogo. Anaigandisha damu, kisha anaishi ndani ya mgando alioutengeneza. Zingatia hilo, maana ndilo linaloamua urefu wa matibabu.

Si yeye peke yake. Streptokoki, stafilokoki na bakteria wengine wa kinywani wamewahi kukutwa kwenye mshipa ulioziba kwa namna hii, na chanzo kinaweza kuwa jino lililooza au, kwa watoto hasa, sikio na mfupa wa nyuma yake. Kwa kijana aliyeanza na koo, hata hivyo, Fusobacterium ndiye wa kushukiwa kwanza.

Ugonjwa uliosahaulika

Madaktari wa Ulaya walikuwa wameuona mapema. Courmont na Cade wa Ufaransa waliandika kuhusu maambukizi ya aina hii mwaka 1900, na Schottmüller wa Ujerumani akaeleza mshipa ulioganda baada ya ugonjwa wa koo mwaka 1918. Jina lilibaki kwa André Lemierre, daktari wa Paris, aliyechapisha kwenye jarida la The Lancet mwaka 1936 habari za wagonjwa 20. Kati yao 18 walikufa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba dalili zake zina mpangilio wa pekee kiasi kwamba kukosea ni karibu muhali.

Alikuwa sahihi kwa wakati wake, kwa sababu alikuwa akiwaona. Penisilini ilipoenea kuanzia miaka ya 1940, na kila koo likawa linapewa dawa, ugonjwa ukakaribia kutoweka. Vizazi vya madaktari vilisoma na kustaafu bila kuuona, na majarida yakaanza kuuita ugonjwa uliosahaulika. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 taarifa zake zikaanza kuongezeka tena, Uingereza na Denmark zikiwa miongoni mwa nchi zilizoliona hilo.

Hapa ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaosema umerudi kwa sababu madaktari walipunguza kutoa antibiotiki kwa kila koo. Wengine wanataja kupungua kwa upasuaji wa kuondoa tonsili. Wengine wanajibu kwamba maabara zimekuwa hodari zaidi na picha za shingo zinapigwa zaidi, kwa hiyo kilichoongezeka ni kuonekana kwake. Nadhani kuna ukweli kwenye hoja zote tatu, lakini anayeitumia hoja ya kwanza kudai kwamba kila koo sasa lipewe dawa anaruka hatua. Kutibu maelfu kwa maelfu ya makoo ya virusi ili kumzuia mgonjwa mmoja kuna gharama yake: mzio wa dawa, kuhara, na bakteria sugu watakaomsumbua mtu mwingine kesho.

Robert Centor, daktari Mmarekani ambaye kipimo chake cha alama za koo cha mwaka 1981 bado kinatumika, amekuwa sauti kubwa ya upande mwingine, ule unaotaka koo la vijana litibiwe kwa uzito zaidi. Mwaka 2015 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijana wa miaka 15 hadi 30. Miongoni mwa wenye maumivu ya koo, asilimia 20.5 walikuwa na Fusobacterium necrophorum, na asilimia 10.3 tu walikuwa na streptokoki wa kundi A, ambaye ndiye anayetafutwa siku zote. Usisahau upande wa pili wa hesabu: hata wasioumwa, asilimia 9.4 walikuwa na Fusobacterium. Kumkuta kooni, basi, hakutoshi kusema ndiye anayeuma.

Kinachotoka humo chenye faida kwa mgonjwa ni kimoja. Kipimo cha haraka cha koo humtafuta streptokoki wa kundi A peke yake. Kikisema hakuna, kimesema hilo tu. Fusobacterium hakioni, na hata uoteshaji wa kawaida wa ute uliofutwa kooni kwa kijiti cha pamba humkosa kwa sababu haoti penye oksijeni.

Wiki inavyokwenda

Mwanzo ni koo kama koo lolote: maumivu, homa, tonsili zilizovimba, pengine zenye utando. Kati ya siku ya nne na ya saba, kwa kawaida ndani ya wiki moja, hali inageuka. Homa inapanda, mara nyingi kupita nyuzi 39, na inakuja na baridi kali. Sizungumzii kuhisi baridi ukajifunika shuka. Ni kutetemeka ambako mgonjwa hawezi kukuzuia, kitanda kikatikisika, kisha jasho jingi. Kutetemeka kwa namna hiyo ni ishara kwamba vijidudu vinaingia kwenye damu, na koo la virusi lililofikia siku ya sita halifanyi hivyo.

Shingo nayo inasema. Maumivu yako upande mmoja, chini ya pembe ya taya, yakishuka kufuata ule msuli wa pembeni. Pengine kuna uvimbe, pengine ugumu tu ukibonyeza. Kugeuza kichwa kunauma. Wengi hudhani wamelala vibaya, na wenye homa huweza kudhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo kwa sababu shingo imekaza. Tofauti ipo, ingawa haitoshi kumtuliza mtu nyumbani: uti wa mgongo hukaza shingo mtu anapoinamisha kidevu kifuani, wakati hapa upande mmoja ndio unaolalamika zaidi. Wapo pia wagonjwa ambao shingo haioneshi chochote, na kutokuwa na uvimbe hakuufuti ugonjwa.

Kisha kifua. Kikohozi, kupumua kwa shida, na kichomi, yaani maumivu makali yanayochoma kila mtu anapovuta pumzi. Mapafu yakishajaa vidonda, daktari asiyeuliza kuhusu koo ataona nimonia. Macho yakiwa na umanjano kidogo, atafikiria ini. Kwenye mazingira yenye malaria, homa na kutetemeka vitampeleka huko kwanza, na si kosa kuipima. Kosa ni kuishia hapo majibu yakitoka safi. Mgonjwa naye hataji koo, kwa sababu koo halimsumbui tena. Kama kuna sentensi moja ya kubeba kwenda nayo hospitali ni hii: "Wiki iliyopita niliumwa koo."

Dalili za kutosubiri asubuhi ni kutetemeka kusikozuilika baada ya koo, maumivu au uvimbe wa shingo upande mmoja, kichomi au pumzi fupi, kuchanganyikiwa, na udhaifu unaoongezeka kwa saa. Ongeza na mdomo usiofunguka vizuri, mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza, au sauti iliyozibwa. Hizi tatu za mwisho mara nyingi zinaashiria jipu kando ya tonsili au ndani zaidi shingoni, ambalo ni la kawaida kuliko Lemierre na linaweza kuziba njia ya hewa lenyewe, bila kuusubiri mshipa.

Koo ambalo halijaanza kupoa baada ya siku tano hadi saba, au linalozidi, linastahili kuangaliwa upya hata bila dalili hizo. Ndilo jibu langu kwa mabishano ya dawa: si kumpa kila mtu vidonge siku ya kwanza, bali kumwambia kila mtu ni lini arudi na kwa dalili zipi. Ushauri huo hauna bei, na unakosekana kwenye vyumba vingi vya daktari.

Hospitalini

Kipimo kinachothibitisha vijidudu ni kuotesha damu, ikichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki inapowezekana, na chupa moja iwe ya bakteria wasiotaka oksijeni. Fusobacterium haharakishi. Majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, na mgonjwa mwenye sepsisi, yaani mwili uliozidiwa na maambukizi, hana siku hizo. Matibabu huanza kwa kushuku.

Mshipa unaonekana vizuri zaidi kwa picha ya CT ya shingo na kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Inaonesha donge, jipu lililojificha, na vidonda vya mapafu kwa pamoja. Altrasaundi ni rahisi na haina mionzi, lakini haioni vizuri chini ya taya na nyuma ya mtulinga, kwa hiyo altrasaundi safi haimalizi shaka. Vipimo vya damu mara nyingi vinaonesha viashiria vya uvimbe mwilini vikiwa juu sana, chembe sahani zilizoshuka, na figo au ini vilivyoelemewa. Kijana mwenye koo na chembe sahani chache anapaswa kumfanya daktari asimame.

Dawa zinatolewa kwa mshipa mwanzoni. Baadhi ya Fusobacterium hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini, kwa hiyo penisilini peke yake haitegemewi. Hutumika dawa ya jamii hiyo iliyounganishwa na kizuizi cha kimeng'enya, au seftriaksoni pamoja na metronidazoli, au dawa za jamii ya kabapenemu kwa walio hoi. Azithromaisini na erithromaisini hazimfai bakteria huyu, ambaye kwa asili hazimpati vizuri. Nalitaja hilo kwa sababu azithromaisini ni dawa ambayo watu hujinunulia kwa koo kwa wepisi mno. Mtu anaweza kuimaliza dozi nzima na mshipa ukaendelea kuganda.

Muda ni wiki tatu hadi sita, kwa sababu ya lile donge ambalo dawa zinaliingia polepole. Homa inaweza kuendelea siku nyingi, wakati mwingine zaidi ya wiki, huku dawa ikiwa sahihi. Familia hukata tamaa hapo na kuanza kushinikiza dawa ibadilishwe. Madaktari kwa kawaida hutafuta kwanza kama kuna usaha uliobaki mahali, kwenye shingo, kifuani au kwenye kiungo, kwani usaha uliofungiwa hautibiki kwa dawa tu, unatolewa.

Swali la dawa za kuzuia damu kuganda halijafungwa. Kwa donge la kawaida la mguuni ni matibabu ya msingi, na mtu angetarajia iwe hivyo hapa. Lakini donge hili limeletwa na maambukizi, antibiotiki peke yake imewaponya wengi, na mgonjwa mwenye chembe sahani chache yuko kwenye hatari ya kutoka damu. Ugonjwa ni adimu mno kwa majaribio makubwa ya kulinganisha, hivyo kila timu ya madaktari hupima faida na hatari kwa mgonjwa wake. Mgando unaosambaa kuelekea kwenye fuvu, au unaoendelea kukua licha ya antibiotiki, huwasukuma wengi kuzitoa. Upasuaji wa kuufunga mshipa, uliokuwa tegemeo kabla ya antibiotiki, sasa hufanywa mara chache.

Vifo vimeshuka kutoka tisa kati ya kumi kwenye kundi la Lemierre hadi chini ya mmoja kati ya kumi; kwenye utafiti ule wa Denmark vilikuwa asilimia 9. Wanaopona wengi wao hurudi kwenye nguvu zao, japo mapafu na misuli huchukua wiki au miezi. Vena iliyoziba si lazima ifunguke tena. Ya upande wa pili na vijivena vya pembeni kwa kawaida hubeba mzigo wake, na mtu anaishi bila kuhisi pengo.